WALAJI WAKUU WA BAHARI ZA KALE, NA KAMA YUKO ALIYEBAKI

Na mwanafunzi wa Kidato cha IV



Mtu akisimama ufukoni Tanga au Lindi akaitazama bahari, huona maji tu, wala maji hayana alama ya kumwonyesha nani amepita humo. Katika bahari za leo tunamwogopa papa, na hata huyo papa huvuliwa, akatiwa chumvi, akauzwa sokoni. Lakini bahari ni ya kale mno. Kabla ya papa tunaowajua sisi waliishi humo wanyama ambao papa wa leo angekuwa kitoweo chao cha asubuhi.

Nia ya makala haya ni kujibu maswali matatu. La kwanza, tumejuaje habari za wanyama ambao hakuna mtu aliyewaona? La pili, wanyama hao walikuwa akina nani, na kila mmoja alikula nini? La tatu, je, yuko mmoja wao aliyebaki hata leo katika vilindi? Swali hili la tatu hubishaniwa sana na wanafunzi, hasa tangu ilipotoka filamu moja ya papa mkubwa mwaka 2018, na wengi hulijibu kwa sauti kubwa kuliko kwa hoja. Mimi nitajaribu kulijibu kwa hoja.

JINSI TUNAVYOJUA

Mnyama wa baharini akifa, kwa kawaida huliwa na wenzake hata mifupa ikatawanyika. Lakini mara chache hutokea kwamba maiti yake huzikwa upesi na matope. Matope mengine hulala juu ya yale ya kwanza, mwaka kwa mwaka, mpaka uzito wake huyagandamiza yakawa jiwe. Maji yenye madini hupenya katika mfupa kidogo kidogo, nao hugeuka kuwa jiwe pia, lakini umbo lake hubaki vile vile. Baadaye nchi huinuka, bahari hurudi nyuma, kisha mvua na mawimbi huula mwamba mpaka mfupa ukatokeza nje.

Ndiyo maana mifupa ya viumbe wa baharini huonekana mahali pakavu, mbali na bahari. Mfano mmoja uko hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1964 mifupa ya nyangumi ilipatikana Turkana, Kenya, mahali palipo kiasi cha kilometa 740 kutoka Bahari ya Hindi. Wataalamu walioichunguza walieleza mwaka 2015 kwamba nyangumi yule aliishi miaka milioni 17 iliyopita, naye alipanda mto mkubwa mpaka akafia huko ndani. Kwa kuwa nyangumi hawezi kupanda mlima, twajua ya kwamba nchi ile zamani ilikuwa chini, na imeinuka tangu wakati huo.

Umri wa mawe hupimwa hasa kwa majivu ya volkano yaliyolala kati ya tabaka na tabaka. Ndani ya majivu hayo mna madini yanayogeuka polepole kwa mwendo usiobadilika. Mtu anayejua mshumaa unavyoungua huweza kutazama kipande kilichobaki akasema umewaka kwa saa ngapi. Wataalamu nao hufanya vivyo hivyo, ila mshumaa wao huwaka kwa mamilioni ya miaka.

Miaka hiyo ni mingi mno, basi tuifanye midogo ili tuielewe. Dunia ina umri wa miaka kiasi cha milioni 4,600. Tuseme muda huo wote ni mwaka mmoja, tangu Januari mosi hadi usiku wa manane wa tarehe 31 Desemba. Mlaji wa kwanza nitakayemtaja angeonekana tarehe 21 Novemba. Mijusi mikubwa ya baharini ingekwisha tarehe 26 Desemba. Papa mkubwa kuliko wote angetoweka tarehe 31 Desemba, saa kumi na moja jioni. Sisi wanadamu tungezaliwa nusu saa tu kabla ya mwaka kwisha.

MLAJI ALIYEKATWA VIPANDE

Katika milima ya Kanada kuna mawe yenye umri wa miaka zaidi ya milioni 500. Mwaka 1892 mtaalamu mmoja alieleza kitu kilichopatikana huko kilichofanana na mkia wa kamba, akakipa jina la anomalokari, maana yake kamba wa ajabu. Baadaye vikapatikana vitu vingine: kimoja cha mviringo kama kipande cha nanasi, kikadhaniwa kuwa kiwavi cha baharini, na kingine kirefu, kikadhaniwa kuwa jongoo wa pwani. Kila kimoja kikapewa jina lake na kuwekwa mahali pake.

Mpaka mwaka 1985 ndipo wataalamu Harry Whittington na Derek Briggs walipoonyesha kwamba hivyo vyote ni viungo vya wanyama wa jamii moja. Ule mkia wa kamba ulikuwa mkono wa kukamatia, na kile kipande cha nanasi kilikuwa kinywa. Anomalokari hakuzidi sana nusu meta, lakini wakati ule viumbe wengi walikuwa wadogo kama kidole, kwa hiyo yeye alikuwa mfalme. Ukubwa wa mlaji hupimwa kwa wale anaowala.

SAMAKI MWENYE NGAO

Kiasi cha miaka milioni 360 iliyopita, katika bahari iliyofunika sehemu ya nchi ambayo leo ni Ohio, Marekani, aliishi samaki aitwaye dankleosteo. Kichwa chake na kifua chake vilifunikwa kwa ngao za mfupa mnene. Hakuwa na meno kama ya papa. Badala yake alikuwa na mabamba ya mfupa yaliyonolewa kwa kusuguana yenyewe kwa yenyewe kila alipofunga kinywa, kama makali mawili ya mkasi. Wataalamu wamehesabu kwamba aliweza kufungua kinywa chake kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, hata maji yakavutwa ndani pamoja na windo.

Vitabu vingi vilisema samaki huyu alifika meta 9. Lakini zilizobaki ni ngao za mbele tu. Sehemu ya nyuma haikuhifadhiwa, na urefu ule ulikuwa wa kukisia. Mwaka 2023 mtaalamu mmoja alilinganisha urefu wa kichwa na urefu wa mwili katika samaki wengi wa namna mbalimbali, akaona kwamba dankleosteo alikuwa na meta kama 3 na nusu, au 4 kwa walio wakubwa sana. Kwa hiyo alikuwa mfupi na mnene, si mrefu. Msomaji asisikitike kwamba jitu letu limepunguzwa. Elimu ya kweli hukubali kupunguza pale kipimo kinapotaka kupunguza.

BINTI WA SEREMALA

Miaka milioni 252 iliyopita ulitokea msiba mkubwa kuliko yote katika historia ya viumbe, na sehemu kubwa ya wanyama wa baharini ikaangamia. Baada yake bahari ilikuwa kama nyumba isiyo na mwenyewe, na walioingia kuimiliki walitoka nchi kavu. Walikuwa wanyama wa jamii ya watambaao waliorudi majini. Miguu yao ikawa mapezi, lakini waliendelea kuvuta hewa kwa mapafu kama nyangumi wafanyavyo leo. Mmoja katika hao ni iktiosauri, aliyefanana na pomboo.

Habari za iktiosauri haziwezi kuelezwa bila kumtaja Mary Anning. Alizaliwa mwaka 1799 katika mji mdogo wa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, mahali ambapo bahari hula majabali daima. Baba yake alikuwa seremala aliyeokota mawe ya ajabu ufukoni na kuyauza kwa wageni. Baba alifariki mwaka 1810 akaacha madeni, nao watoto wakaendelea na kazi ile ili wapate chakula. Mwaka 1811 kaka yake Joseph aliona fuvu lenye taya refu lililojaa meno. Mwaka uliofuata Mary akapata sehemu nyingine ya mwili. Alikuwa na umri wa miaka kama 13. Watu walidhani ni mamba, kumbe alikuwa iktiosauri.

Mwaka 1823 alipata mnyama mwingine mzima, plesiosauri, mwenye mapezi manne na shingo ndefu ajabu. Georges Cuvier wa Ufaransa, aliyekuwa mtaalamu mkuu wa mifupa katika Ulaya, alishuku kwamba mtu ameunganisha mifupa ya wanyama wawili. Mifupa ikachunguzwa, ikaonekana ni ya mnyama mmoja, naye Cuvier akakubali. Mary Anning pia aliona kwamba ndani ya matumbo ya iktiosauri mna vijiwe vya ajabu, na alipovipasua alikuta mifupa na magamba ya samaki. Vilikuwa ni mavi yaliyogeuka jiwe. Kwa njia hiyo ikajulikana bila shaka wanyama hao walikula nini.

Lakini mabwana walionunua mifupa yake waliandika vitabu bila kumtaja. Chama cha wataalamu wa miamba mjini London hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama mpaka mwaka 1919, naye alikuwa amekwisha kufa tangu 1847. Leo jina lake lajulikana duniani kote, na mwaka 2022 sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis baada ya msichana wa shule kuanza kuchangisha fedha.

Iktiosauri wengine walikuwa wakubwa kupita kiasi. Huko Nevada, Marekani, limepatikana fuvu lenye urefu wa karibu meta 2, la mnyama wa meta 17 aliyeishi miaka milioni 246 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021. Na mwaka 2020 msichana wa miaka 11, akitembea na baba yake ufukoni Somerset, Uingereza, aliokota kipande cha mfupa wa taya. Vipande vilipounganishwa, mfupa mmoja tu wa taya ulizidi meta 2. Wataalamu walitangaza mwaka 2024 kwamba mnyama huyo huenda alifika meta 25, kiasi cha nyangumi mkubwa wa leo. Wenzangu wa vidato vya chini waone hapo kwamba macho makali hayangoji cheti.

WAKATI WA TENDAGURU

Ndugu wa plesiosauri walikuwa pliosauri, wenye shingo fupi na kichwa kikubwa cha kutisha. Mwaka 2022, huko Kimmeridge, Uingereza, ncha ya pua ya pliosauri ilionekana ufukoni, na kichwa kilichobaki kilikuwa juu katika jabali. Iliwabidi wachimbaji waning'inie kwa kamba. Fuvu hilo lina urefu wa meta 2 na meno 130, na umri wake ni miaka kama milioni 150.

Umri huo si mgeni kwetu. Kilima cha Tendaguru katika mkoa wa Lindi kina mawe ya wakati ule ule. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani, pamoja na mamia ya wafanyakazi wa nchi yetu, walichimba huko mifupa ya wanyama wakubwa wa nchi kavu. Mifupa hiyo ilichukuliwa kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, na mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin mpaka leo, kimo chake kikizidi meta 13. Lakini kati ya tabaka zenye mifupa hiyo mna tabaka za mchanga zenye makombe ya baharini. Maana yake Tendaguru ilikuwa pwani, na bahari iliingia na kutoka. Wakati jitu la Lindi likila majani kandokando ya maji, pliosauri walikuwa wakiwinda katika bahari za dunia.

Hapa pia yafaa kuonya. Mwaka 1999 mchezo mmoja wa televisheni wa Uingereza ulimwonyesha pliosauri mmoja, liopleurodoni, akiwa na meta 25. Mifupa iliyopo yaonyesha meta 6 au 7. Picha ile bado yazunguka, na wengi huiamini kuliko mifupa.

KENGE WA BAHARINI

Pliosauri na iktiosauri walitoweka yapata miaka milioni 90 iliyopita, na nafasi yao ikachukuliwa na mosasauri. Fuvu lake mashuhuri lilipatikana katika karne ya 18 chini ya ardhi karibu na mji wa Maastricht, Uholanzi, mahali palipochimbwa mawe ya kujengea. Mwaka 1794 jeshi la Ufaransa liliuteka mji, na fuvu likapelekwa Paris. Wengine walisema ni mamba, wengine nyangumi. Mwisho Adriaan Camper wa Uholanzi alisema ni mjusi, na Cuvier akathibitisha: jitu hili lilikuwa la ukoo wa kenge.

Basi anayetaka kumfahamu mosasauri na amtazame kenge anayeiba mayai ya kuku, kisha amrefushe mpaka meta 12, ambadilishe miguu iwe mapezi, na ampe mkia wenye pezi kama la papa. Alikuwa pia na meno ya ziada kaakaani, kama nyoka wengi walivyo leo. Kazi ya meno hayo ni kumzuia windo asirudi nyuma akishaingia kinywani.

Afrika ina hazina kubwa ya mosasauri. Katika migodi ya fosfeti ya Moroko amepatikana mmoja wa kiasi cha meta 9, aliyetangazwa mwaka 2022. Meno yake yamevunjika na kusagika, ishara ya kuwa alitafuna vitu vigumu, na karibu naye pamekutwa mifupa ya kasa, samaki na plesiosauri iliyoliwa na asidi ya tumbo. Huko Bentiaba, Angola, amepatikana mosasauri ambaye tumboni mwake mlikuwa na mabaki ya mosasauri wengine watatu. Kwa hao hapakuwa na habari ya undugu.

SIKU GIZA LILIPOINGIA

Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kutoka angani, lenye upana wa kilometa 10 au zaidi, liliipiga dunia mahali ambapo leo ni Yucatan, Mexico. Shimo lake, lenye upana wa kilometa kama 180, limefukiwa chini ya ardhi na bahari. Vumbi na moshi vilifunika jua kwa muda mrefu.

Msomaji aweza kuuliza: mosasauri aliyekuwa mbali, chini ya maji, alikufa kwa sababu gani? Jibu liko katika mlo wake. Bahari ina mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo huishi kwa mwanga wa jua. Mimea hiyo huliwa na vidudu vidogo, vidudu huliwa na samaki wadogo, hao huliwa na wakubwa, na mosasauri alikaa juu ya wote kama mtu aliyekaa juu ya ngazi. Jua lilipozimwa, daraja ya chini kabisa ilivunjika. Mwenye mwili mkubwa alihitaji chakula kingi kila siku, na chakula hakikuwapo. Kasa, mamba na baadhi ya papa waliokoka. Mfalme alikufa kwa njaa.

NYANGUMI MWENYE MENO

Kama hapo kwanza, wa nchi kavu wakaingia tena baharini, na safari hii walikuwa wanyama wanyonyeshao. Mwaka 1834 mifupa mikubwa iliyopatikana Marekani ilipewa jina basilosauri, maana yake mfalme wa mijusi. Miaka mitano baadaye Richard Owen wa Uingereza aliona kwamba magego yake yana mizizi miwili, jambo ambalo mjusi hana. Huyu alikuwa nyangumi. Jina, hata hivyo, halikubadilishwa, na mpaka leo nyangumi huyo anaitwa mjusi.

Mahali bora pa kumwona ni Wadi al-Hitan, yaani Bonde la Nyangumi, katika jangwa la Fayum nchini Misri. Mifupa ya nyangumi mamia imelala huko juu ya mchanga, na tangu 2005 bonde hilo limeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Basilosauri alikuwa na meta 15 hadi 18. Alikuwa bado na miguu ya nyuma yenye goti na vidole, lakini midogo mno, isiyoweza kumbeba. Ni kama mtu aliyehama kijiji lakini bado ana ufunguo wa nyumba ya zamani mfukoni.

PAPA MKUU

Sasa twafika kwa megalodoni. Mifupa ya papa ni laini kama ile ya sikio la mtu, kwa hiyo huoza, na mara nyingi kinachobaki ni meno na pingili chache za mgongo. Katika Ulaya ya zamani meno hayo yaliitwa ndimi za mawe. Watu walidhani ni ndimi za nyoka au majoka, wakazivaa kama hirizi ya kuzuia sumu. Mwaka 1666 Nicolas Steno alipasua kichwa cha papa mkubwa mjini Florence, akaona kwamba meno yake yafanana na zile ndimi za mawe, na mwaka uliofuata akaandika hivyo. Hiyo ilikuwa hatua moja ya kwanza katika elimu ya mawe.

Jino la megalodoni hufika sentimeta 18, na makali yake yana vimeno kama msumeno. Papa mweupe, ambaye ndiye papa mlanyama mkubwa wa leo, ana jino lisilofika nusu ya hilo, na mwili wa meta 6 hivi. Urefu wa megalodoni umekadiriwa na wengi kuwa meta 16, na makisio ya mwaka 2025 yamesema huenda wengine walifika 24. Alikula nyangumi, na alama za meno yake zimo katika mifupa yao. Alikuwa na mshindani pia: huko Peru mwaka 2008 lilipatikana fuvu la nyangumi mlaji, lenye urefu wa meta 3 na meno ya sentimeta 36.

JE, YUKO HAI?

Wasemao kwamba megalodoni yungali hai hutoa hoja mbili. Ya kwanza, bahari ni kubwa na vilindi vyake havijachunguzwa vyote. Ya pili, na hii ndiyo yenye nguvu, ni habari ya silikanti. Samaki huyu alidhaniwa amekwisha tangu miaka milioni 66 iliyopita. Lakini Desemba 1938 Bi. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyefanya kazi katika makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alimwona katika samaki wa mvuvi. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Tangu 2003 wengi wameingia katika nyavu huko Tanga, na mwaka 2009 hifadhi ya bahari ya silikanti ilianzishwa huko. Basi, husema wabishi, kama silikanti alijificha, kwa nini megalodoni asijifiche?

Hoja hii yataka kujibiwa kwa heshima. Silikanti hafiki meta 2. Mchana hulala katika mapango ya chini ya bahari, kiasi cha meta 100 kwenda chini, na hula kidogo. Wala hakujificha kwa kila mtu: wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote, nao humwita gombessa. Waliokuwa hawana habari ni wataalamu. Sasa nauliza: ni wavuvi wa pwani gani wenye jina la papa wa meta 16 alaye nyangumi? Wavuvi wa Mafia wanalo jina la papa mkubwa kuliko wote waliopo leo, papa potwe, awezaye kupita meta 12. Lakini potwe hula vidudu vidogo na samaki wadogo, wala hana madhara kwa mtu.

Pili, papa hung'oa meno na kuotesha mapya maisha yake yote, kwa maelfu. Meno ya megalodoni yametapakaa katika mawe ya mabara mengi, lakini katika tabaka zilizo changa kuliko miaka milioni 3.6 hivi hayaonekani tena. Duka lenye wateja huacha taka mlangoni; pasipo taka kwa miaka milioni tatu, duka limefungwa.

Tatu, vilindi si mahali pa kumficha. Kule chini ni baridi na giza, na chakula ni haba. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 waonyesha kwamba mwili wa megalodoni ulikuwa na joto kuliko maji, na mwili wenye joto hula sana. Ilimpasa aishi palipo na nyangumi, na nyangumi huja juu kuvuta hewa, mahali tunapopita kwa meli kila siku. Tungemwona, au tungeona nyangumi walioumwa.

Kwa sababu hizo nakata shauri kwamba megalodoni amekwisha. Bahari zilipopoa na nyangumi wadogo aliowategemea wakapungua, naye papa mweupe akaja kugombea mawindo yale yale, hakuweza kuendelea.

FAIDA YA ELIMU HII

Mzazi aweza kusema: wanyama waliokufa zamani wanatufaa nini? Mimi naona faida mbili.

Ya kwanza ni kujifunza kupima maneno. Tumeona meta 25 za televisheni zikawa 7, na tumeona mjusi akawa nyangumi kwa sababu ya mizizi ya jino moja. Anayezoea kuuliza "umejuaje?" juu ya papa wa kale atauliza vivyo hivyo juu ya dawa, juu ya habari za simu, na juu ya ahadi za watu.

Ya pili yahusu bahari yetu. Walaji wakuu wa kale hawakushindwa vita na mtu. Mara nyingi walimalizwa kwa kukatika kwa chakula chao na kubadilika kwa bahari. Papa wa leo wana adui mpya. Wataalamu walitangaza mwaka 2021 kwamba idadi ya papa na taa wa bahari kuu imepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na sababu kubwa ni uvuvi wa kupita kiasi. Papa huzaa wachache na hukawia kukua, hivyo hawezi kujaza pengo upesi. Ukoo wa papa umepita salama katika msiba wa miaka milioni 252 na katika jiwe la Yucatan. Itakuwa aibu kwetu ukiishia katika nyavu zetu kwa muda wa maisha ya mtu mmoja.

Mwisho, nawaomba wenzangu watakaokwenda likizo pwani, au penye makorongo na machimbo, wafumbue macho. Ukiona jiwe lenye umbo la jino, pingili au kombe, usilipasue wala usiliuze kwa mpita njia. Andika mahali ulipoliona, kisha mwonyeshe mwalimu wako ili habari ifike makumbusho. Tendaguru ilijulikana kwanza kwa watu waliopita njia wakatazama chini.